Leza ya Madoa na Vishipa Vyekundu vya Uso: Mwongozo Kamili kwa Ngozi Nyeusi na ya Maji ya Kunde

Lalamiko ni lile lile kila mara: "Nimepigwa leza, nimelipa hela nyingi, mbona doa limezidi kuwa jeusi?" Mara nyingi leza yenyewe haina kosa. Imepigwa kwenye tatizo lisilo lake, au kwa mashine iliyotengenezewa ngozi nyeupe, au kwenye ngozi ambayo bado inawaka kwa chunusi na mkorogo. Leza ni hatua ya katikati. Wengi huifanya ya kwanza, na hapo ndipo mambo huharibika.

Fuata mpangilio huu kama ulivyo. Ukiruka hatua ya 1 au ya 5, bora uache kabisa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha za uso: mbele, kushoto na kulia, zilizopigwa dirishani asubuhi bila flashi na bila vipodozi.
- Makopo na tyubu za kila ulichopaka usoni ndani ya miezi 6 iliyopita. Usitupe hata lile linalokutia aibu.
- Losheni ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, yenye rangi ya ngozi ndani yake, siyo nyeupe. Sababu iko hatua ya 8.
- Sabuni laini isiyo na manukato, na mafuta ya mgando yasiyo na harufu.
- Kofia pana, mtandio au mwavuli.
- Glasi ya kunywea maji, iliyo angavu na isiyo na nakshi.
- Daftari dogo.
- Bajeti ya vipindi kadhaa, siyo kimoja. Vishipa vyekundu huhitaji kama vipindi 2 hadi 4. Madoa mara nyingi huzidi hapo.
- Muda wa angalau miezi 6. Kama harusi ni mwezi ujao, tafuta mpambaji mzuri na leza iache mpaka baada ya fungate.

Hatua ya 1: Tambua kilichopo usoni

Simama dirishani. Bonyeza kitako cha glasi juu ya sehemu unayoilalamikia, kisha tazama ndani ya glasi. Rangi ikipotea wakati umebonyeza na kurudi ukiachia, hiyo ni damu iliyo ndani ya vishipa. Ikibaki pale pale, ya kahawia au nyeusi, hiyo ni rangi ya ngozi yenyewe, yaani melanini. Mashine ya tatizo la kwanza si lazima iwe ya tatizo la pili, kwa hiyo jibu la glasi liandike daftarini.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kama wekundu. Huja kama zambarau au kahawia iliyokolea, na mara nyingi mwenyewe huuhisi kabla hajauona: uso unachoma, unapata joto, unawasha ukinywa chai ya moto au ukikaa juani. Ndiyo maana rosasea, ugonjwa wa wekundu na joto la uso usioisha, kwa watu weusi huchelewa kutambuliwa, na mtu hutibiwa chunusi miaka na miaka.

Sasa linganisha na haya:

*Madoa ya chunusi.* Yako pale pale palipokuwa na kipele. Ni bapa, hayana mpangilio, na hufifia yenyewe polepole chunusi mpya zikikoma.

*Melazma.* Mabaka ya kahawia yanayofanana kushoto na kulia: mashavuni, kwenye paji la uso, juu ya mdomo. Hupenda kuanza wakati wa ujauzito au kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Leza si tiba ya kwanza hapa. Hurudi, na joto la leza lenyewe linaweza kuichochea.

*Okronosisi.* Hii ni zawadi ya mkorogo. Weusi wenye kijivu au ubuluu, umejaa vitone vya punje punje, zaidi kwenye mifupa ya mashavu. Alama yake kubwa ni kwamba kadiri unavyopaka krimu ya kung'arisha ndivyo weusi unavyozidi. Chanzo ni haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, iliyotumika muda mrefu bila usimamizi.

*Vinyama vidogo vyeusi* vilivyoinuka kuzunguka macho na mashavuni, ambavyo mama na shangazi pia wanavyo. Hivi ni vya kurithi na havina madhara. Mara nyingi huondolewa kwa kuunguzwa kidogo kwa umeme, na gharama yake huwa ndogo.

*Vishipa na wekundu wa krimu za steroidi.* Steroidi ni dawa za kutuliza uvimbe na muwasho. Ngozi imekuwa nyembamba, inang'aa, vishipa vinaonekana kama nyuzi, na ukiacha krimu uso unalipuka. Angalia makopo yako: ukiona clobetasol au betamethasone, umempata mchawi.

Onyo. Usipeleke kwenye leza doa linalobadilika umbo, linalotoka damu, au kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi. Kwa watu wenye ualbino onyo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu saratani ya ngozi huwaanzia usoni, masikioni na shingoni. Wekundu wa mashavu unaovuka pua kama kipepeo, ukiambatana na maumivu ya viungo na uchovu, unaweza kuwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Huo hupimwa kwanza maabara.

Umemaliza hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nadhani nina melazma," au "Nina vishipa, na nimepaka steroidi." Daktari atathibitisha au atakukosoa, lakini hutaingia kliniki ukisema tu "nataka leza."

Hatua ya 2: Muone daktari wa ngozi, siyo mwenye mashine

Mwenye mashine anauza vipindi. Daktari wa ngozi anaweza kukuambia huhitaji hata kimoja, na hilo peke yake linalipia ada ya kumuona.

Afrika Mashariki wapo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa kanda hii tangu 1992, na hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili na Kenyatta zina kliniki za ngozi. Aliye Muscat, London au Toronto atapata daktari kwa urahisi zaidi, ila aulize kama amezoea ngozi nyeusi. Wengi huko wamefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe.

Mweleze yote haya bila kuulizwa: ujauzito au kunyonyesha, dawa unazomeza, hasa dawa za chunusi kama doxycycline na isotretinoin, kama umewahi kupata makovu yanayovimba, kama midomo huota vipele vya homa mara kwa mara, maana leza inaweza kuviamsha na dawa ya kuzuia hutolewa mapema. Kisha toa makopo mezani. "Dokta, hivi ndivyo nilivyopaka" ni sentensi ngumu, lakini bila hiyo daktari anabahatisha.

Mjamzito aahirishe. Melazma ya ujauzito mara nyingi hufifia baada ya kujifungua.

Hatua ya 3: Zima moto kabla ya leza (wiki 8 hadi 12)

Hapa ndipo watu hukosa subira, na hapa ndipo matokeo mengi hupatikana. Ngozi yenye uvimbe ikipigwa leza hujibu kwa kumwaga melanini zaidi. Ngozi iliyotulia hujibu vizuri.

1. Acha mkorogo. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini sokoni vimejaa, na zebaki huumiza figo pia. Kama ulikuwa unapaka steroidi, usiache peke yako kwa siku moja. Uso unaweza kulipuka vibaya. Daktari atakupangia namna ya kushuka.
2. Tibu chunusi mpaka zisitoke mpya. Kufuta madoa huku chunusi zinaendelea ni kudeki huku bomba linavuja.
3. Anza losheni ya jua kila siku, hata siku za mawingu.
4. Tumia dawa ya kupaka atakayoandika daktari. Kwa madoa, asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ni chaguo zuri. Haidrokwinoni ya hospitali pia hutumika, kwa miezi michache tu na kwa kufuatiliwa. Kwa rosasea kuna krimu ya metronidazole au ivermectin ya asilimia 1, na wakati mwingine doxycycline ya kumeza.

Mwisho wa muda huu piga picha dirishani pale pale. Wasomaji wengi watagundua doa limefifia kiasi kwamba leza haina haraka tena. Kama ni wewe, hongera, umeokoa pesa.

Hatua ya 4: Chagua mashine kwa namba, siyo kwa jina la kliniki

Kila leza hutoa mwanga wa urefu fulani wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita. Leza ya vishipa inalenga damu. Leza ya madoa inalenga melanini. Shida yetu ni kwamba melanini ya ngozi nyeusi imetanda juu kabisa, na mwanga wa mawimbi mafupi hunaswa pale juu kabla haujafika unakokwenda. Nishati inageuka joto, joto linaunguza, na ngozi iliyoungua huacha doa. Mawimbi marefu hunaswa kidogo na melanini na hupenya chini zaidi.

*Nanomita 1064 (Nd:YAG).* Ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Kwa vishipa hutumika mipigo mirefu ya milisekunde. Kwa madoa hutumika mipigo mifupi sana, ya nanosekunde au pikosekunde, inayovunja chembe za rangi bila kupasha ngozi joto kubwa. Kwa hiyo kusikia "tunayo Nd:YAG" hakutoshi. Uliza ni ya mipigo gani.

*Nanomita 532, 585 na 595.* Ni nzuri sana kwa vishipa vya watu weupe. Mwenye ngozi nyeupe ya pwani au Ghuba anaweza kufaidika nazo. Mwenye ngozi nyeusi anaweza kuungua.

*IPL.* Hii si leza. Ni taa yenye mwanga wa mawimbi mengi kwa pamoja, mafupi na marefu. Saluni nyingi huiita leza kwa sababu ni ya bei nafuu. Kwa ngozi nyeusi ikatae. Hata vifaa vya IPL vya nyumbani, ukifungua boksi utakuta chati ya rangi za ngozi, na zile nyeusi zaidi zimewekewa alama ya kukatazwa. Muuzaji wa mtandaoni huwa hakuonyeshi ukurasa huo.

Ila hata 1064 si kinga ya ujinga wa mpigaji. Damu huinasa kwa udhaifu, hivyo vishipa huhitaji nishati kubwa, na mipigo ikirundikwa mahali pamoja huacha kovu. Kwa madoa, vipindi vingi vya karibu karibu vinaweza kuacha vitone vyeupe visivyorudi rangi upesi. Wanaume wenye ndevu wajue pia kwamba urefu huu wa wimbi ndio hutumika kuondoa nywele. Ukipigwa mashavuni kwa mipigo mirefu, unaweza kutoka na ndevu zenye mapengo.

Hatua ya 5: Hoji kliniki, kisha dai jaribio

Piga simu au nenda mwenyewe. Uliza hivi hivi, bila haya:

"Dada, mashine yenu ni ya nanomita ngapi?" Akijibu "ni ya kisasa, ya Korea," rudia swali. Asiyejua namba asishike uso wako.

"Nani atakayenipiga, na daktari atakuwepo?"

"Naomba kuona picha za wateja wenye ngozi kama yangu, kabla na baada." Picha za wanamitindo wa Kizungu ukutani si jibu.

"Nikiungua mnafanya nini, na nani analipia?"

"Mtaniandikia vipimo mlivyotumia?" Yaani urefu wa wimbi, nishati, ukubwa wa duara la mwanga na urefu wa mpigo. Kliniki makini huviandika kila kipindi na haioni taabu kukupa nakala.

Kisha dai jaribio la sehemu ndogo, mbele ya sikio au chini ya taya, mipigo michache tu. Subiri wiki 4 hadi 6. Wengine watakuambia siku 3 zinatosha. Hazitoshi: malengelenge huonekana mapema, lakini weusi unaotokana na kuungua huchelewa wiki kadhaa. Sehemu ya jaribio ikiwa haijaacha alama baada ya muda huo, endelea. Ikiwa imeacha doa jeusi au jeupe, umepoteza eneo dogo lililofichika badala ya shavu zima.

Hatua ya 6: Siku ya leza

Nenda uso mtupu: bila poda, bila losheni, bila mafuta, bila wanja. Dawa za kupaka za chunusi au madoa zenye tretinoini simamisha kama wiki moja kabla, au kama daktari alivyosema. Usiwe umetoka kuchomwa na jua la ufukweni wiki hiyo.

Macho kwanza. Mwanga wa nanomita 1064 hauonekani kwa macho, kwa hiyo hutapata hata nafasi ya kupepesa, na unaweza kuharibu moja kwa moja retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Vaa kinga inayoziba macho kabisa. Kila aliyeko chumbani avae miwani yake, pamoja na ndugu aliyekusindikiza. Wakikuambia "funga macho tu," inuka uondoke.

Kila mpigo huuma kama mpira wa kufungia pesa ukikuchapa, kisha joto fupi. Lazima kuwe na upoozaji: hewa baridi, jeli au ncha ya baridi. Maumivu yanayozidi kupanda na kubaki yakichoma ni dalili ya nishati kubwa mno. Sema "simama" hapo hapo. Kuvumilia si ushujaa hapa, na mpigaji mzuri anataka umwambie.

Dakika chache baadaye, mambo yakiwa sawa, utaona uvimbe kidogo na joto. Kishipa kitakuwa kimepotea au kimekolea rangi. Doa huweza kukolea kidogo. Ngozi ikigeuka kijivu au nyeupe na kuanza kuinuka, ni kuungua. Kipindi kisimame, baridi iwekwe mara moja.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza weka kitambaa safi chenye maji baridi, dakika 10, mara kadhaa. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Osha kwa sabuni laini na vidole, jikaushe kwa kugusa gusa, paka mafuta ya mgando kiasi kidogo.

Mambo ya kuacha siku 7: kusugua, mvuke, mazoezi makali, kunyoa uso kwa uzi au nta, manukato, limau, manjano na liwa. Najua liwa ni ya bibi na haijamdhuru mtu, ila chembe zake husugua, na ngozi hii haitaki kusuguliwa. Mwenye kupika kwa jiko la mkaa aombe msaada siku chache, au asiiname juu ya moto. Joto pia linaweza kuchochea melazma.

Ukoko mwembamba ukitokea, uache. Huanguka wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Ukiung'oa kwa kucha, unapanda doa jipya.

Rudi kliniki siku hiyo hiyo ukiona malengelenge, usaha, homa, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya pili.

Hatua ya 8: Jua, kila siku, mpaka mwisho

Losheni nyeupe ya kawaida hukinga miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Lakini ngozi nyeusi hutiwa weusi na mwanga wa kawaida unaoonekana pia, na losheni nyeupe huupitisha. Oksidi za chuma (iron oxides) ndizo huuzuia, nazo ndizo huipa losheni rangi ya kahawia. Tafuta rangi inayokaribia yako. Kama haipatikani mtaani kwako, paka losheni ya kawaida, kisha juu yake fondesheni yenye oksidi hizo. Zimeandikwa kwenye orodha ya viambato.

Kiasi ni mistari miwili, ya urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Abiria wa daladala anayekaa dirishani hajakingwa, maana kioo cha kawaida huzuia miale inayounguza lakini hupitisha ile inayotia weusi. Wa bodaboda avae kofia yake na losheni juu.

Ukiona huwezi kupaka losheni kila siku kwa miezi 6, usilipie leza. Nasema hivi kwa upole, ila ndivyo ilivyo.

Hatua ya 9: Pima kabla ya kurudia

Acha wiki 4 hadi 8 kati ya vipindi. Kabla ya kila kipindi piga picha pale pale dirishani, saa ile ile, uilinganishe na ya kwanza. Kioo cha bafuni na simu yenye kichujio cha urembo vyote ni waongo.

Mafanikio yanaonekana hivi. Vishipa: nyuzi zimepungua, na uso hauwaki tena baada ya chai. Baadhi vitarudi baada ya miaka, hasa kwa wenye rosasea, na hilo si kosa la mtu. Madoa ya chunusi: kingo zimefifia, rangi inaelekea ya jirani yake. Melazma: imefifia na imetulia, mtu asikuahidi kwamba imekwisha. Okronosisi: kufifia kwa sehemu tu, baada ya vipindi vingi.

Baada ya vipindi 3 bila tofauti yoyote kwenye picha, simamisha. Ama utambuzi wa hatua ya 1 ulikosewa, ama mashine si yake.

Ukitoka na weusi zaidi

Weusi wa baada ya leza huanza kati ya wiki ya pili na ya sita. Kliniki itakushauri kipindi kingine "cha kuusafisha." Kataa. Ngozi inajitetea, na mpigo mwingine utaifanya ijitetee zaidi.

Rudi kwa daktari wa ngozi na mambo matatu: picha zako, tarehe ya kipindi, na karatasi ya vipimo vya mashine. Endelea na losheni ya jua. Daktari anaweza kukupa steroidi nyepesi kwa siku chache kama bado kuna uvimbe, kisha asidi ya azelaiki. Mara nyingi weusi huu hufifia ndani ya miezi 3 hadi 12.

Vitone vyeupe huchukua muda mrefu zaidi, na vingine hubaki. Ukiviona, mwambie daktari kabla ya kupaka chochote kipya, na usivizibe kwa krimu ya kuchubua ngozi inayovizunguka ili "rangi ilingane."